Siko Seli na Malaria: Nusu Hukinga, Nzima Haikingi

Leo tuna jambo la ajabu lililogunduliwa kwa kupima damu ya watu, wakiwemo wa pwani yetu hii. Usipolielewa vizuri, laweza kukupotosha ukiwa na mtoto mgonjwa mikononi.

Mwaka 1949, kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali. Matokeo yalimshangaza. Katika makabila ya karibu na bahari na ya karibu na Ziwa Victoria, alikuta zaidi ya watu 20 kwa kila 100 wamebeba selimundu, ambayo wengi wetu twaiita siko seli. Huko nyanda za juu zenye baridi na sehemu kavu, hakufika hata mmoja kwa 100.

Akajiuliza: ugonjwa huu huua watoto, basi mbona haukwishi pwani? Tena bahari na ziwa zina nini cha kufanana? Jibu likawa malaria, maana kote kuwili mbu ni wengi. Alirudi kuchunguza mwaka 1953, na mwaka 1954 akachapisha alichokipata: aliyebeba nusu ya siko seli ana kinga dhidi ya malaria.

Nusu vipi? Sikiliza, mama. Kila mtoto hupokea maagizo ya kutengeneza damu mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Akipokea agizo moja la siko seli na jingine la kawaida, huyo ni mbebaji. Kwa kawaida haumwi, hucheza na kusoma kama wenzake. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto wabebaji wamekingwa na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Hata hivyo kinga hiyo si kamili, kwa hiyo naye alale ndani ya neti.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Mzazi husikia kwamba siko seli inakinga malaria, akadhani mwanawe mwenye ugonjwa wenyewe amekingwa zaidi. La hasha! Mtoto aliyepokea maagizo mawili ya siko seli hana ngao hiyo. Chembe nyekundu za damu yake hugeuka umbo, zikapinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Damu yake daima ni kidogo. Malaria ikija ikaharibu hata hicho kidogo, maisha yake yamo hatarini kwa muda mfupi sana. Chembe hizo pia hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali yanapotokea.

Utamjuaje mtoto huyu? Anapozaliwa huonekana mzima, kwa sababu damu aliyokuwa nayo tumboni bado inamlinda. Dalili huanza akifikisha miezi sita hivi: viganja na nyayo kuvimba na kuuma, macho kuwa ya manjano, kupauka, na homa za mara kwa mara. Si jini, wala hakurogwa. Mpeleke apimwe damu.

Na tafadhali, mama asilaumiwe. Mtoto hawezi kuugua siko seli kwa agizo la mzazi mmoja tu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Ndiyo maana ni vizuri wachumba wapimwe kabla ya ndoa.

Ikiwa mwanao anao ugonjwa huu, fanya yafuatayo:

- Alale ndani ya neti iliyotiwa dawa kila usiku, na apewe dawa ya kuzuia malaria kama daktari alivyoagiza.
- Apate chanjo zote, na penisilini ya kila siku akiwa chini ya miaka mitano.
- Anywe maji mengi, na asikae katika baridi wala jua kali.
- Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo.
- Akipata homa, akipauka ghafla, akipumua kwa shida, tumbo likivimba au upande mmoja wa mwili ukilegea, usingoje kuche. Mkimbize hospitali usiku huo huo.

Kumbuka basi: nusu ya siko seli hukinga, nzima haikingi. Mtoto mwenye siko seli ndiye wa kwanza kupewa neti nyumbani. Mweleze na jirani yako.