Kupimwa Ubongo Ukiwa Nyumbani: Tumsaidie Mgonjwa, Tusimjibie



Tuseme mweka hazina wa kikundi chenu hapo Kayole au Dandora alikuwa hodari wa hesabu. Siku hizi anasahau nani amelipa, na akiulizwa anachelewa kujibu. Watu wananong'ona: amekula pesa, au amerogwa. Kabla hatujamwachisha kazi, tujiulize kama ni mgonjwa.

Uko ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Huku kwetu si wengi walio nao, lakini uko. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya wa stima uliochubuka: habari hufika polepole, au hazifiki. Wengine miguu hufa ganzi, wengine macho huingia giza. Karibu nusu ya wagonjwa, au zaidi, hupungukiwa pia kumbukumbu na wepesi wa kufikiri, na hilo halionekani kwa macho.

Kuna kipimo cha sekunde 90 tu. Mgonjwa huonyeshwa alama, kila moja ina namba yake, naye hutaja namba hizo haraka awezavyo. Tangu korona ya 2020, madaktari katika nchi mbalimbali wamekifanya pia kwa video, mgonjwa akiwa kwake. Kwa mtu ambaye kupanda matatu mbili hadi Kenyatta ni taabu, hiyo ni nafuu kubwa. Ulizeni daktari wake kama inawezekana.

Ikiwezekana, kikundi kisaidie hivi:

- Tafuteni chumba kitulivu, mbali na redio na honi.
- Azimeni kompyuta. Kwenye simu ndogo alama hazionekani vizuri. Changeni pesa za bando.
- Ombeni saa za asubuhi, akiwa amepumzika. Joto na uchovu humzidishia shida.
- Miwani yake iwe karibu.
- Msimnong'onezee majibu! Mkimsaidia hapo, mnauficha ugonjwa.

Kipimo hiki hakisemi mtu ni mwenda wazimu. Wala peke yake hakitambui MS. Hiyo ni kazi ya daktari wa mishipa ya fahamu, pamoja na picha ya MRI. Kikirudiwa kila mwaka, huonyesha kama anashuka.

Na mweka hazina wetu? Apewe mtu wa kuandika naye, na muda wa kujibu.

Ya kujadiliana: Katika kikundi chetu, ni nani tumemhukumu kabla ya kumuuliza hali yake?