Simbiliki Ana Upele? Usikimbilie Sindano ya Ng'ombe

Ndugu wafanya kazi, na ninyi akina mama mnaotunza nyumba zetu,

Usalama hauishii mlangoni mwa shimo. Mtu anayevaa kofia na buti kazini, kisha anakula na kulala mahali penye viroboto na mavi ya wanyama, bado hajajikinga. Kwa hiyo leo tuingie jikoni, mahali simbiliki wanapopiga kelele kila mara mama anapoleta majani. Wengine humwita dende, wengine kobai. Jina lolote, mnyama ni yule yule, na maadui wake ni wale wale.

KWA NINI TUNAMFUGA?

Watu wa milima ya Andes, huko Peru na nchi jirani zake, ndio waliomfuga kwanza, tangu maelfu ya miaka. Hapa kwetu amepata heshima kwa sababu ya taabu. Wazee wa Masisi wanakumbuka makundi ya ng'ombe juu ya vilima. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilipopita, ng'ombe wengi walikuwa wameibwa na kuchinjwa. Ng'ombe hafichiki. Simbiliki huingia katika kikapu, hubebwa kichwani, na mahali mnapofika hula majani ya kando ya njia. Mwaka 2024, mapigano ya Masisi yalipowasukuma watu kuelekea Sake na Goma, aliyekuwa na mbuzi alipata shida kumvusha. Mwenye kikapu alitembea.

Upande wa Walikale, katika msitu, ng'ombe ni wachache, na nyama ya mwitu hupatikana mbali zaidi kuliko zamani. Simbiliki yuko karibu. Jike hubeba mimba siku 68 hivi, huzaa watoto 2 ao 3, mara nyingine 4, na huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Ni mboga ya Jumapili, ni sabuni, ni chumvi, ni daftari la mtoto. Mfanya kazi akichelewa kupata mshahara, simbiliki hawachelewi.

Basi ugonjwa ukiingia katika kundi, unaingia katika mfuko wa nyumba.

MAADUI NI HAWA

Chawa. Fungua manyoya nyuma ya masikio na shingoni, mbele ya mwanga. Utaona vidudu vidogo vyembamba vikikimbia, na mayai yaliyoshikamana na nywele. Chawa hawa hukaa juu ya simbiliki maisha yao yote. Hawahamii kichwani mwa mtoto wako. Lakini wakiwa wengi humchosha mnyama, naye hukonda.

Upele. Huu ndio mbaya zaidi. Mdudu wake haonekani kwa macho. Huchimba ndani ya ngozi kama sisi tunavyochimba mlima. Manyoya hunyonyoka, ngozi huwa nene yenye magamba, na mnyama hujikuna mpaka damu. Wengine hujikuna hadi wanaanguka na kutetemeka kama wenye kifafa. Mama mwenye upele huwapa watoto wake. Tena upele huu unaweza kumwasha mtu anayemshika mgonjwa.

Viroboto. Hawa hutoka kwa mbwa, kwa paka, na kwa kuku wanaolala pamoja na simbiliki. Wao huruka na kumuuma mtu vilevile.

Wadudu wa tumbo. Kuna minyoo, na kuna kidudu kidogo sana kiitwacho koksidia. Koksidia hutoka pamoja na mavi. Siku ile kinapotoka hakina nguvu ya kuambukiza. Kinahitaji siku kadhaa katika unyevu na joto ndipo kikomae. Shika neno hili, maana ndilo siri ya kinga yote: ukiondoa mavi kabla kidudu hakijakomaa, umekishinda bila kununua dawa.

Minyoo ya ini. Wafugaji wa ng'ombe wa Masisi wanaijua. Hukaa juu ya majani ya bwawani, mahali penye konokono wadogo wa maji. Ukikata majani hayo na kuwapa simbiliki, unawalisha ugonjwa.

KINGA: KAZI YA KILA JUMA

Kabla ya kuingia shimoni tunatazama dari na miti inayoitegemeza. Hatungoji jiwe lianguke. Kwa simbiliki fanyeni vivyo hivyo.

1. Waondoeni chini ya sakafu ya jiko. Tunajua kwa nini wanakaa humo: Masisi kuna baridi, na wezi wapo kila mahali. Lakini sakafu ya udongo hunywa mkojo na kuficha mayai ya minyoo. Jengeni kibanda cha mianzi ao mbao, kilichoinuka kutoka chini, chenye paa na mlango wa kufunga, ukutani mwa nyumba ili mwizi asikiwe. Eneo la mita 1.5 kwa mita 1 latosha dume 1 na majike 7.

2. Fagieni mavi na majani yaliyooza kila siku ya pili. Walikale, kwenye joto na mvua nyingi, afadhali kila siku. Mavi yapelekwe shimo la mbolea, mbali na mahali mnapokata majani yao.

3. Kila Jumamosi toeni wanyama wote, mwageni maji ya moto yanayochemka juu ya mbao, kisha acheni jua likaushe. Dawa nyingi za kusafishia haziui koksidia. Maji yanayochemka na ukavu ndivyo vinavyoiua.

4. Jumamosi hiyo hiyo tazameni kila mnyama: manyoya, masikio, macho, makucha, sehemu ya nyuma. Anayekonda, anayejikuna ao anayehara, mtengeni siku ile ile.

5. Mgeni asiingie kundini mara moja. Aliyenunuliwa sokoni, aliyeletwa zawadi, ao aliyerudi nanyi kutoka safari ya kukimbia, akae peke yake majuma 3. Upele mwingi huingia nyumbani kwa njia ya mgeni mmoja.

6. Majani yakatwe mahali pakavu, yasitoke bwawani wala mahali mbwa wanapojisaidia. Majani mabichi hayakosi kila siku: matembele, majani ya migomba, nyasi safi. Simbiliki ni kama mtu; mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa, nguvu za mwili hupungua na upele hushinda. Msimpe majani ya viazi vya mviringo wala sombe mbichi, kwa kuwa yana sumu.

7. Kuku, mbwa na paka walale mahali pengine.

Tena neno moja kwa wafanya kazi wenyewe. Sanduku la baruti, pipa la kemikali na mfuko uliobeba dawa za kiwandani si vitu vya kujengea kibanda. Viacheni kazini. Mnyama hulamba mbao, na mtoto humshika mnyama.

DAWA INAYOUA KULIKO UGONJWA

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kundi zima. Mtu akiona upele huchukua mafuta machafu ya mashine na kumpaka mnyama. Mwingine hutumia dawa ya kuulia wadudu wa shamba. Simbiliki hujilamba na kunywa sumu yote. Siku ya tatu hakuna chawa, na hakuna simbiliki.

Mwingine hununua ivermectine ya ng'ombe. Dawa hii ni nzuri kweli kwa upele na chawa, nao waganga huitumia. Lakini tufanye hesabu. Chupa ya kawaida ni ya asilimia 1. Mililita 1 yatosha ng'ombe wa kilo 50. Simbiliki mkubwa ana gramu 700 hivi. Maana yake, kwa kipimo kile kile, mililita 1 ingetosha simbiliki 70. Anayepiga nusu mililita kwa mnyama mmoja amempa sehemu ya simbiliki 35. Sisi watu wa madini tunajua mizani. Hatununui wala kuuza kwa kukisia. Basi kwa nini tukisie dawa?

Mwingine tena, akiona mnyama anahara, hufungua kapsuli ya ampisilini ao amoksisilini iliyobaki katika dawa za mtoto. Hatari kubwa! Dawa hizi, pamoja na penisilini, huua vijidudu vyema vilivyo tumboni mwa simbiliki, na vibaya hupata nafasi. Mnyama aliyekuwa mgonjwa kidogo hufa katika siku chache. Dawa inayomponya mtoto wako ndiyo inayomuua simbiliki.

JINSI YA KUMJUA MUNGANGA MWEMA

Munganga wa wanyama si kila mtu aliye na sindano sokoni. Katika Kongo wadaktari wa wanyama husomea Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kwetu Kivu ya Kaskazini Université Catholique du Graben ya Butembo ina masomo hayo. Chini yao kuna wasaidizi waliomaliza shule za sekondari za kilimo na ufugaji. Msaidizi mwenye diploma na uzoefu anaweza kukutosha kabisa. Ulizeni ofisi ya ufugaji ya teritware pale inapofanya kazi. Huko Masisi, mwendeeni mfugaji ambaye ng'ombe wake wananona, mkamuulize nani anayewatibia.

Mkimpata, mpimeni kwa mambo haya:

Kwanza, anauliza kabla ya kufungua chupa. Wangapi wanaumwa? Tangu lini? Wanakula nini? Kuna jike mwenye mimba?

Pili, anamshika mnyama, anafungua manyoya, na kumpima uzito. Asiyepima hawezi kujua kipimo cha dawa.

Tatu, hakubali ampisilini. Mwulizeni kama kwa kawaida: «Munganga, kapsuli hii yafaa?» Akisema ndiyo, mshukuruni na mrudi nyumbani na wanyama wenu.

Nne, anachanganya dawa ipungue nguvu ao kutumia sindano ndogo sana, naye anawaonyesha chupa: jina la dawa na tarehe ya mwisho wake.

Tano, anatibu kundi lote linaloishi pamoja, na anataja siku ya kurudi, baada ya siku 7 hadi 14. Dawa huua vidudu vilivyo hai, lakini mayai hubaki na kuanguliwa. Anayetibu mara moja tu amefanya nusu ya kazi.

Sita, anasema lini mnaweza kuchinja. Kwa ng'ombe, sindano ya ivermectine hutaka kungoja zaidi ya mwezi mmoja. Mnyama aliyetibiwa jana si mboga ya leo.

Saba, haoni haya kusema: «Jambo hili nitamwuliza mwenzangu.» Huyo mshikeni sana.

Mtasema: munganga yuko mbali na feza ni kidogo. Ni kweli. Lakini chupa moja inatosha kartie nzima. Nyumba kumi ziungane, zichange feza ya safari na ya dawa, zimwite siku moja. Mtu mmoja peke yake atalipa sana. Kumi watalipa kidogo kila mmoja, na upele hautarudi kutoka lupango la jirani asiyetibu.

NA AFYA YA WATU

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakishika simbiliki ao kusafisha kibanda. Wasilale nao kitandani. Mtoto akipata vipele ao doa la duara kwenye ngozi, apelekwe kituo cha afya, na mama aseme wazi kwamba nyumbani kuna simbiliki wagonjwa. Duara hilo mara nyingi ni ukungu wa ngozi, nao unaweza kutoka kwa mnyama. Msimpake mtoto dawa ya wanyama hata siku moja. Nyama iive kabisa mpaka ndani, na kisu cha kuchinjia kisikate mboga kabla hakijaoshwa.

Ndugu, chawa hawaji kwa uchawi wala kwa jicho baya la jirani. Huja kwa uchafu, kwa unyevu, kwa mgeni asiyetengwa. Ufagio, maji ya moto, majani safi na jua havina bei kubwa. Kinga ni bora kuliko dawa, na dawa yenye kipimo ni bora kuliko dawa nyingi. Jumamosi hii, kabla ya kwenda sokoni, fungueni manyoya ya kila simbiliki wa nyumba na mtazame kwa makini.

Usalama kazini, usafi nyumbani!