Mnanaha: Sumu inayodhaniwa kuwa jini

Katika viwanja vitupu, kando ya mazizi na katikati ya mahindi huota mmea wenye maua marefu mfano wa tarumbeta na tunda la kijani lililojaa miiba. Huo ndio mnanaha. Jina lake linakaribiana na la nanaa tunayotia katika chai, lakini nanaa hutuliza tumbo, na mnanaha huondoa akili.

Mnanaha ni wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na mnavu tunaoupika kuwa mboga. Kinachoutenga ni urithi wake: vinasaba vyake huuwezesha kutengeneza sumu za atropini na skopolamini. Sumu hizo hutengenezwa mizizini, kisha hupanda hadi kwenye majani na mbegu. Ndiyo maana mnyanya uliobebeshwa juu ya shina la mnanaha huweza kuzaa nyanya zenye sumu.

Mwanasayansi wa Marekani, Albert Blakeslee, aliutumia mmea huu kuchunguza urithi. Una jozi 12 za kromosomu, naye aliona kwamba jozi moja ikizidishiwa kromosomu, umbo la tunda hubadilika, na kila jozi huleta badiliko lake. Hakika uumbaji wa Allah (S.W.) umepangwa kwa kipimo.

Lakini linalotugusa zaidi wazazi ni hili. Mtoto aliyekula mbegu za mnanaha hukauka kinywa, ngozi huwa nyekundu na ya moto, mboni za macho hupanuka na moyo humwenda mbio. Kisha huweweseka, akazungumza na watu wasiokuwapo. Ni rahisi kwa familia kusema amepandwa na jini, ikamwita msomaji na kumweka ndani hadi asubuhi. Kisomo na dua ni kheri, wala hatuviachi. Lakini visomwe njiani kuelekea hospitali. Tusimpe dawa ya kienyeji, na tuchukue kipande cha mmea ili daktari autambue.

Hatari hii si ya watoto peke yao. Mwaka 2019 nchini Uganda, unga wa msaada uliochanganyika na sumu za mmea huu uliwadhuru watu takriban 300, na watano wakafariki. Kupika hakuiondoi sumu yote. Basi nafaka tuichambue kabla ya kuisaga, tukitupa mbegu ndogo bapa za rangi nyeusi au kahawia zenye umbo la figo. Mmea wenyewe tuung'oe kabla tunda halijapasuka, kwani tunda moja hubeba mamia ya mbegu.

Atropini hiyo hiyo, mikononi mwa daktari, huwaokoa waliodhuriwa na baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Manufaa yamo, lakini kipimo chake si cha kukisia nyumbani. Dini yetu imetuamuru kuhifadhi nafsi na akili, na kuusafisha ua wetu ni sehemu ya amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.