Kila Ukurasa Uwe na Mwenyewe

Mzazi anayetafuta ada ya shule binafsi kwenye intaneti hajali tovuti ya shule hiyo imejengwa kwa programu gani. Anataka kiasi cha mwaka huu, namba ya akaunti ya benki inayotumika na tarehe ya kuripoti. Akikuta kiasi cha mwaka juzi akaenda kulipa, usumbufu ni wake na aibu ni ya shule. Mambo kama haya yapo katika tovuti za hospitali, vyama vya akiba na mikopo na ofisi za umma, na mara nyingi kompyuta haina hatia. Tovuti ilijengwa, ikazinduliwa kwa shamrashamra, halafu hakuna aliyekabidhiwa kuitunza.

Tovuti nyingi za siku hizi zimejengwa juu ya mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayomwezesha ofisa wa kawaida kuandika, kuhariri na kuchapisha bila kumwita fundi. Ndani ya mfumo huo mna zana za kuzuia makosa niliyoyataja. Taasisi zinazo, ila hazizitumii. Zana hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Maneno huku, sura kule

Tim Berners-Lee alipotengeneza programu ya kwanza ya kusomea kurasa za wavuti mwaka 1990, akiwa kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, aliipa uwezo wa kusoma na kuandika kwa pamoja. Vivinjari vilivyoenea baadaye, kama Mosaic ya mwaka 1993, vilibaki na kusoma tu. Aliyetaka kubadilisha neno moja ilimbidi ajue lugha ya HTML, ahariri faili kwenye kompyuta yake, kisha alipakie kwenye seva. Menyu ikiongezwa kipengele kimoja, kurasa zote zilifunguliwa moja baada ya nyingine.

Mifumo ya kusimamia maudhui ndiyo iliyoondoa adha hiyo. Drupal, iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert, ilitoka mwaka 2001, na Joomla ikafuata mwaka 2005. Katikati yake ilizaliwa WordPress. Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza walichukua programu iliyoitwa b2, ambayo mtunzi wake Mfaransa, Michel Valdrighi, alikuwa ameacha kuiendeleza. Leseni yake huria iliwaruhusu kuichukua na kuiboresha, nao wakatoa toleo la kwanza la WordPress tarehe 27 Mei 2003. Leo, kwa hesabu za W3Techs, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, kwa hiyo mifano yangu mingi nitaichota humo.

Siri ya mfumo ni kutenganisha maneno na sura. Kichwa cha habari, matini, jina la aliyeandika, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kuhaririwa mara ya mwisho na hali ya chapisho vinakaa kwenye hifadhidata. Rangi, nembo, menyu na mpangilio vinakaa kwenye kiolezo. Msomaji akifungua ukurasa, seva inachota maneno, inayatia ndani ya kiolezo na kumpelekea. Ndiyo maana nembo ikibadilishwa mara moja inabadilika tovuti nzima. Na ndiyo maana mfumo unajua nani aliandika nini, lini, na kama kimeshapitishwa. Faili la zamani la HTML halikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo.

Rasimu, kibali na kumbukumbu

WordPress inagawa watumiaji katika ngazi tano. Mchangiaji anaandika rasimu lakini hawezi kuichapisha. Mwandishi anachapisha kazi zake mwenyewe. Mhariri anagusa kazi za wote. Msimamizi anashika kila kitu, zikiwemo akaunti za wenzake na mipangilio ya tovuti. Wa tano, msajiliwa, anaingia kusoma na kurekebisha taarifa zake binafsi tu. Mpangilio huu ni wa chumba cha habari kabisa: wa kuandika yupo, wa kupitisha yupo, na wa kutunza mitambo yupo.

Maofisini hali ni nyingine. Akaunti ni moja, ya msimamizi, na nywila yake imesambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Kosa likitokea, kila badiliko linasomeka kwa jina lilelile, hivyo hakuna wa kuulizwa. Mfanyakazi akihama kituo, anahama na ufunguo wa tovuti nzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la tovuti ni akaunti za watu binafsi, kila mmoja kwa ngazi inayolingana na kazi yake, na akaunti ya anayeondoka ifungwe siku anayokabidhi ofisi.

Mfumo ukitumika hivyo, kumbukumbu zake zinaanza kuwa na maana. Tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, WordPress inatunza nakala ya ukurasa kila unapohifadhiwa. Mhariri anaweza kuweka nakala mbili bega kwa bega, akaona sentensi iliyoondolewa na iliyoongezwa, na akarudisha ya zamani kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukurasa uliofutwa unakaa kwenye kapu la taka kwa siku 30 kabla ya kupotea kabisa.

Hapa pana jambo moja la kuangaliwa. Makala mpya hupitia rasimu na ukaguzi, lakini ukurasa ambao umeshachapishwa hauna kituo cha katikati. Ukibadilisha namba ya akaunti ya benki na kubonyeza kitufe cha kusasisha, umma unaiona papo hapo. Kwa kurasa zinazogusa fedha, dawa, tarehe za mitihani au masharti ya kisheria, ofisi ijiwekee utaratibu wake: mmoja anahariri, mwingine anasoma tarakimu kwa sauti kutoka kwenye hati yenye saini, ndipo kitufe kibonyezwe.

Faili lililobaki nyuma

Turudi kwenye ada, kwa kuwa kosa lake ni la kawaida na wengi hawajui linakotoka. Ofisa amepakia faili la PDF lenye ada za mwaka mpya. Amefungua ukurasa wa ada, ameondoa kiungo cha zamani na kuweka kipya. Ameujaribu, unafanya kazi, naye anaamini amemaliza. Lakini faili la zamani bado lipo kwenye seva, ndani ya folda ya mwaka na mwezi lilipopakiwa, na lina anwani yake lenyewe. Google inaijua anwani hiyo. Mzazi aliyetumiwa kiungo na jirani yake mwaka jana anacho bado. Wote wawili wanafika kwenye faili moja kwa moja, bila kupita kwenye ukurasa uliorekebishwa.

Kulipakia faili jipya kwa jina lilelile hakusaidii. WordPress haifuti la kwanza. La pili linaongezewa tarakimu mwishoni mwa jina, na sasa yako mawili. Hata kuufuta ukurasa wote hakuliondoi faili. Ni lazima kuingia kwenye maktaba ya faili na kulifuta humo kwa mkono.

Dawa iliyo bora ni kuandika ada kwenye ukurasa wenyewe, kwa jedwali la kawaida, katika anwani isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Faili la PDF libaki kwa anayetaka kuchapa. Ukurasa wa maandishi unafunguka upesi kwenye simu ndogo, hauli bando, na ukihaririwa leo kila mwenye kiungo anaona cha leo.

Kanuni ya pili inazaliwa hapohapo: jambo moja likae mahali pamoja. Kiasi cha ada kikiandikwa kwenye ukurasa wa mwanzo, kwenye maelekezo ya kujiunga na kwenye tangazo la Januari, siku kikibadilika mmojawapo utasahaulika. Kiandikwe mara moja, kwingine kote kuwekwe kiungo.

Ya tatu ni anwani. Berners-Lee alishasisitiza mwaka 1998 kwamba anwani ya ukurasa haifai kubadilishwa, maana kila inapobadilika, viungo vyote vilivyoelekezwa kwake vinakufa. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Ukilazimika kuhamisha ukurasa, weka amri ya kuelekeza upya, ili anayebisha mlango wa zamani apelekwe kwenye mpya.

Maandishi yanayofika kwa kila msomaji

Vichwa vidogo ndani ya ukurasa viwekwe kwa mtindo wa kichwa uliomo kwenye mfumo, visiishie kukozwa wino. Programu zinazowasomea wasioona hutegemea mtindo huo ili mtu aruke kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kila picha yenye ujumbe ipewe maelezo mafupi ya maandishi. Maneno yanayotoka kwenye Word yabandikwe bila mapambo yake, la sivyo yataingia na fonti na rangi zinazogombana na kiolezo.

Lugha ya tovuti nayo iwekwe sawa kwenye mipangilio. Kiswahili kina alama yake ya kimataifa, *sw*, nayo ndiyo inayoiambia programu ya kusomea kwa sauti itamke kwa lugha gani. Tovuti ya Kiswahili ikiachwa na alama ya Kiingereza, asiyeona atasomewa maneno ya lugha yake kwa matamshi ya kigeni asiyoweza kuyafuata. Ni mpangilio wa dakika moja, na kuupuuza ni kumfungia mtu mlango.

Usipoziba ufa

Tarehe 15 Oktoba 2014 waendelezaji wa Drupal walitangaza tundu kubwa la usalama pamoja na kiraka chake. Wiki mbili baadaye wakatoa onyo: tovuti ambayo haikuwa imesasishwa ndani ya saa saba baada ya tangazo ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. WordPress nayo ilirekebisha tundu katika toleo la 4.7.2 la tarehe 26 Januari 2017. Tundu hilo lilimruhusu mtu asiye na akaunti yoyote kuhariri maneno ya chapisho la mwingine. Wenye mfumo walisubiri hadi tarehe 1 Februari kutangaza undani wake, ili tovuti zenye masasisho ya kiotomatiki ziwe zimeshapona. Waliokuwa wameyazima masasisho hayo ndio walioamka na kukuta maandishi ya wavamizi.

Funzo ni kuacha masasisho ya kiotomatiki yafanye kazi, kufuta plagini zisizotumika, na kutunza nakala rudufu nje ya seva ya tovuti. Nakala iliyo kwenye seva ileile itapotea pamoja nayo.

Pa kuanzia

Mkuu wa taasisi anaweza kuanza wiki hii bila kununua kitu. Aagize orodha ya kurasa zote na faili zote zilizomo kwenye tovuti, kisha mbele ya kila kimoja paandikwe cheo cha mwenye dhamana na tarehe ya kukikagua tena: ada ni ya mhasibu, ratiba ya kliniki ni ya muuguzi mkuu, maelekezo ya kujiunga ni ya mwalimu wa taaluma. Liandikwe cheo, kwa sababu watu huhama na vyeo hubaki.

Orodha ikikamilika patabaki kurasa ambazo hakuna ofisa anayekubali kuzibeba. Hizo ziondolewe. Mwananchi hajui kwamba mmezisahau, atazisoma kama kauli yenu rasmi, na atatoa nauli, fedha na siku yake ya kazi kwa kuziamini.