Joka Lililopasua Azeroth

Nyongeza mbili za kwanza za mchezo wa video wa mtandaoni World of Warcraft, ya 2007 na ya 2008, zilifuata desturi: zilileta nchi mpya, na zile za zamani zikaachwa zilivyokuwa. Ya tatu, Cataclysm, ilibomoa nyumba yenyewe.

Kisa chake ni joka Deathwing, aliyeibuka kutoka chini ya ardhi na kuutikisa ulimwengu wa Azeroth. Nyika ya Barrens ilipasuka vipande viwili, ufa wa moto katikati. Korongo kavu la Thousand Needles likajaa maji, na bandari ya Auberdine ikabaki magofu. Haya yalitokea Novemba 2010, wiki chache kabla nyongeza haijaingia sokoni, na hata mchezaji asiyeinunua aliyakuta. Mamia ya kazi za wachezaji wanaoanza ziliandikwa upya. Wakongwe wakaruhusiwa kuruka na wanyama wao juu ya mabara ya kale.

Blizzard, kampuni ya Marekani iliyoutengeneza mchezo huu, iliuza nakala zaidi ya milioni 3.3 za Cataclysm katika saa 24 za kwanza. Lakini wateja waliokuwa milioni 12 mwishoni mwa 2010 walipungua hadi takriban milioni 10 mwaka mmoja baadaye. Tusimtupie joka lawama zote. Mchezo ulikuwa na miaka saba, na washindani walikuwa wengi.

Hata hivyo, Azeroth ya zamani ilikuwa imefutika, na wengi waliililia. Agosti 2019 Blizzard iliirudisha kwa jina la WoW Classic. Siku ya ufunguzi, foleni za kuingia zilichukua saa kadhaa.