Siku 22: hesabu ambayo mapatroni wa Rubaya hawapendi tufanye

Hapa Rubaya, zamani kiloba cha coltan kilichopita njia ya halali kilikuwa kinafungwa etiketi yenye numero. Kilipofika Goma, kilipovuka mpaka, numero ilikuwa palepale, na mwenye kununua aliweza kuuliza kilitoka shimo gani. Lakini yule aliyekibeba mgongoni toka Luwowo au Bibatama mpaka depo, umuulize numero yake ya CNSS. Atacheka. Wengi wetu tunafikiri CNSS ni mambo ya watu wa banki.

Siye wa sendika, kila juma tunasikia neno lilelile: «Weye uko journalier tu, journalier hana haki.» Patroni anasema, kapita wake anarudilia, na mwisho mfanyakazi mwenyewe anaamini. Tena anawaambia wenzake!

Sheria haisemi vile. «Code du travail», sheria numero 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika article 40, inasema hivi: mtu anayechukuliwa kazi siku kwa siku, akiisha kutimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, halafu patroni akamchukua tena mbele ya ile miezi 2 kuisha, basi kontrati yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Hakuna haja patroni akubali. Hakuna haja aseme «nimekuandika». Na kama hakuna karatasi, sheria inachukua kwamba kontrati ni ya muda usio na mwisho mpaka yeye patroni aonyeshe kinyume. Kwa hiyo karatasi isiyokuwapo inamfunga yeye.

Tufanye hesabu. Kijana wa pompi ya maji anafanya siku 6 kwa juma. Katika juma la nne tayari amefikisha 22. Ukimkuta kwenye pompi ile ile mwaka wa pili, halafu mtu anamwita wa siku moja, hapo kuna mtu anayedanganya.

Sasa tuseme wazi, juu hapa ndipo watu wanachanganya. Mchimbaji anayegawana mavuno na wenzake wa shimo hana mshahara. Yeye yuko chini ya sheria ya migodi, ile ya 2002 iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018: awe na karti ya mchimbaji, awe ndani ya koperative. Article 40 haimuhusu, na hatutaki kumdanganya. Lakini kuzunguka shimo kuna watu mingi wasiogawana kitu: wapagazi wa kulipwa kwa siku, walinzi wa depo, mama wanaopika, wanaosafisha madini kwa malipo ya siku, madereva, vijana wanaopima na kuandika. Ujiulize maswali mawili: nani ananiamuru saa ya kuanza na saa ya kumaliza? Nani ananilipa feza, hata siku ambayo shimo halikutoa kitu? Kama jibu ni mtu mmoja, huyo ni patroni wako, hata kama pale kilimani wanamwita PDG na ofisi yake ni turubai.

Kontrati inafungua nini? Kwanza matunzo. Mfanyakazi akigonjwa, ama bibi yake akizaa, ama mtoto akishikwa na malaria, patroni anapaswa kugharimia daktari na dawa wakati wote kontrati iko inaendelea. Mgonjwa wa kazi na jamaa yake, wote. Hapa kwetu tunaona kinyume: wenzake wanapitisha kofia, kila mtu anatia 1.000 franka, na patroni naye anatia 5.000 na watu wanamshukuru kwa wema. Ule si wema, ni sehemu ndogo ya deni lake. Mwanamke aliye na kontrati, akizaa, ana haki ya majuma 14 ya mapumziko, na theluthi mbili za mshahara wake zinaendelea kulipwa. Tunajua mama wapishi waliorudi kwenye moto juma la pili, mtoto mgongoni, juu ya kuogopa kukuta mwingine mahali pao.

Pili ni Caisse. Na hapa hata mapatroni wenye nia nzuri wamebaki nyuma, maana mambo yaligeuka. Ile INSS ya tangu 1961 haiko tena. Tangu 2018 ni CNSS, inayofuata sheria numero 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Zamani mfanyakazi alikatwa 3,5 kwa mia, na patroni huku kwetu alitoa 5 kwa mia. Leo mfanyakazi ni 5, patroni ni 13. Kwa mfano, mshahara wa 100.000 franka: kwako zinakatwa 5.000 za pensheni. Patroni anaongeza za kwake 13.000, si kutoka mfukoni mwako: 5.000 za pensheni, 6.500 za msaada wa jamaa, 1.500 za ajali na magonjwa ya kazi. Jumla 18.000 kila mwezi.

Zile 1.500 ndizo tunazitaka kusemea kwa nguvu. Kwa kazi ya udongo unaoanguka na mawe yanayotelemuka, hizo ndizo feza ndogo kuliko zote na ndizo zenye kazi kubwa. Mtu akivunjika mguu kazini, Caisse inapaswa kugharimia matunzo. Akibaki kilema, kuna malipo. Akikufa, mjane na yatima wana haki yao. Lakini yote inaanzia kwa patroni kujiandikisha, kuandikisha watu wake, na kutangaza ajali bila kuchelewa. Asipofanya, jina lako haliko, na bibi yako atafika kwenye dirisha la Goma kusikia «hatumfahamu».

Kuna wengine wabaya zaidi: wanakata, hawapelekei Caisse. Ukiona karatasi yako ya malipo bado imeandikwa INSS, ama bado inasema 3,5, uulize mara moja. Mbele ya Caisse, mwenye deni ni patroni, hata kwa ile sehemu yako. Na kama hupewi karatasi ya malipo kabisa, hilo lenyewe ni kosa.

Tumesikia pia mapatroni wadogo, wenye watu watatu ama wanne, wakisema: «Nikilipa yote hiyo nitafunga.» Tunaelewa, bei ya coltan inapanda na kushuka, na njia ya Sake haina huruma. Lakini bei ikipanda hatujaona mshahara ukipanda nayo. Mwenye kuona uzito aende CNSS aulize utaratibu mbele mtu wake hajaumia. Akisha kuumia, mazungumuzo yanakuwa mengine.

Kwa wafanyakazi, kazi ya kwanza ni daftari. Andika kila siku: tarehe, kazi uliyofanya, mahali, nani alikuamuru, feza ulizopata, na jina la mwenzako aliyekuwa nawe. Piga picha ya kila ukurasa kwa telefone na umtumie ndugu aliye mbali, maana huku Masisi tunajua kukimbia usiku bila kubeba hata sufuria, na karatasi ndizo zinabaki nyumbani zikiungua. Ukifikisha siku 22, usipige kelele. Mwambie patroni mbele ya shahidi kwamba unaomba kuandikishwa. Akikataa, mambo yanaenda kwa Inspecteur wa kazi, Goma. Yeye anawaita wote wawili kupatana, na lazima kupitia kwake mbele ya kufika tribinali ya kazi.

Safari ya Goma ni karibu kilometa 60 na moto inakula feza. Kwa hiyo siye tunakusanya madaftari ya watu wa patroni mmoja, tunatuma wawili kwa niaba ya wote. Mlete daftari, karti ya uchaguzi, na kikaratasi chochote chenye jina la depo, hata kile cha kupima uzito.