Kuchimba Shaba Ndani ya Telefone: Kwa Vijana Wanaoanza RuneScape

Huku kwetu Dilala shaba si habari mpya. Papa anachimba, mjomba anachimba, jirani anapeleka mifuko yake ku Musompo. Lakini siku hizi unaweza kukuta kijana amekaa nyuma ya nyumba, telefone mkononi, mama anamwita aende kuchota maji, naye anajibu: "Mama, ngoja kidogo, niko nachimba shaba." Mama anafikiri ni mzaha. Si mzaha. Kijana yule iko na piki, iko na jiwe mbele yake, na jiwe lile ni shaba kweli, ila ni shaba ya mchezo.

Mchezo huo unaitwa RuneScape. Andrew Gower na ndugu yake Paul, watu wa Uingereza, waliufungua tarehe 4 Januari 2001, na kampuni ya mchezo, Jagex, iko mjini Cambridge. Mwaka 2013 kampuni ilirudisha sura ya zamani ya mchezo, ile ya mwaka 2007, wakaiita Old School RuneScape, na tangu mwaka 2018 hiyo inachezwa hata ku telefone. Ndiyo tutakayoeleza hapa, kwa sababu ndiyo inayofaa telefone ndogo.

Ni mchezo wa namna gani? Ni kama hadithi ya wafalme, majitu na mashujaa, lakini wewe mwenyewe uko ndani ya hadithi. Watu maelfu wanaingia pamoja kwa intaneti. Kila mmoja anapewa mtu wake, anampa jina, anamvika nguo, halafu anamfundisha kazi: kuchimba, kufua chuma, kuvua samaki, kupika, kukata miti, kupigana. Hakuna dakika 90, hakuna kipenga cha mwisho. Maneno ya ndani ni Kiingereza, na wazazi wengine wameona mtoto anajifunza pale maneno ambayo kalasini yalimshinda.

Neno la kwanza kwa anayeanza: usilipe kitu. Kuna sehemu ya bure na sehemu ya kulipia kila mwezi. Sehemu ya bure iko na kazi 15, na hizo zinatosha kwa miezi mingi. Mtu akikuambia kwamba bila kulipa hutaenda mbele, ujue paka kwamba yeye amechoka haraka. Neno la pili ni la umri: sheria ya kampuni inasema mchezaji awe na miaka 13 au zaidi. Mdogo wako wa miaka 9 anaweza kuangalia pembeni, lakini usimfungulie akaunti kwa kudanganya miaka.

Ukiingia mara ya kwanza unawekwa kwenye kisiwa cha masomo. Wengi wanakimbia hapo, wanabonyeza-bonyeza bila kusoma. Bwana, usikimbie! Pale kuna walimu wanaokuonyesha namna ya kuwasha moto, kuvua, kupika, na mwalimu mmoja wa mgodi anakupa piki. Unapiga jiwe la shaba, unapata kipande kimoja. Unapiga jiwe la bati, unapata kimoja tena. Unavitia katika tanuru, na kinatoka kipande cha bronzi. Kwa nyundo unakifua, unapata kisu chako cha kwanza.

Hapa watu wa Lualaba tunaweza kucheka kidogo. Katika mchezo, shaba moja na bati moja zinafanya bronzi. Katika tanuru ya kweli, bronzi ya kawaida ni karibu sehemu tisa za shaba na sehemu moja ya bati. Na wazee wetu wa Katanga, waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya treni na mashine, wakaimwaga katika kalibu za msalaba. Misalaba ile ilikuwa makuta yao ya biashara. Bati nalo halitoki Kolwezi, linatoka Manono, katika mawe ya kasiterite. Kwa hiyo kijana wa Dilala anayecheza anafanya kwa dakika moja safari ambayo lori inafanya kwa siku nyingi, kama barabara inapitika.

Ukimaliza kisiwa, unajikuta Lumbridge, mji mdogo wenye ngome. Hapo ndipo wengi wanapotea, kwa sababu hakuna tena mwalimu wa kukushika mkono. Fanya hivi: panda ngazi za ngome mpaka juu kabisa, utakuta banki. Mfuko wako unabeba vitu 28 tu, hata kama ni yai moja moja, kwa hiyo banki ni rafiki yako. Weka pale kila kitu usichotumia leo. Tunaona wachezaji wapya wanatembea na mali yao yote mgongoni, sawa mtu anayekwenda soko na godoro lake.

Halafu shuka jikoni ya ngome. Mpishi analia: sikukuu ya kuzaliwa kwa mkubwa wake imefika, naye hana yai, hana maziwa, hana unga. Mtafutie. Yai liko kwa kuku, maziwa kwa ng'ombe ukiwa na ndoo, na unga unautengeneza mwenyewe: vuna ngano, peleka kinu, mwaga juu, vuta mpini, shuka chini ukiwa na chungu. Ni kazi ndogo, lakini inakufundisha nchi yote ya karibu, na mpishi anakulipa elimu ya upishi. Kazi za namna hii zinazidi kupiga wadudu mchana kutwa. Kijeba mmoja fundi wa chuma, anaitwa Doric, nyumba yake kaskazini ya mji wa Falador, anaomba udongo 6, shaba 4 na chuma 2. Ukimpelekea, elimu yako ya mgodi inaruka kutoka ngazi ya 1 mpaka ya 10 kwa mara moja. Chuma huwezi kukichimba kabla ya ngazi ya 15, lakini unaweza kukinunua kwa wengine, na hakuna anayekukataza.

Kuhusu piki: usibaki na ile ya bronzi kwa sababu ya mazoea. Piki ya chuma unaweza kuitumia tangu mwanzo, na ya chuma cha pua tangu ngazi ya 6. Jiwe ni lile lile, mkono ni ule ule, lakini mawe yanatoka haraka zaidi. Na ukianza kuyeyusha chuma, usilie: nusu ya mawe yako yatapotea bure tanuruni. Mchezo umepangwa hivyo.

Kwa vita, anza na kuku na vijitu vya kijani wanaoitwa magoblini, halafu ng'ombe. Beba chakula kila mara. Samaki uliyevua na kupika mwenyewe anakurudishia nguvu katikati ya mapigano, na mwanzoni utaunguza wengi. Ukifa, unarudi Lumbridge na vitu vyako vitatu vya bei kubwa. Vingine vinakaa katika kaburi dakika 15, ukimbie kuvichukua.

Lakini kuna pahali pengine kaskazini, ng'ambo ya handaki refu: Wilderness, yaani pori. Kule wachezaji wengine wana ruhusa ya kukuua, na mali yako inakuwa yao. Usivuke na kitu ambacho kitakuliza.

Hapa tuseme neno moja. Katika mchezo jiwe la shaba ukilimaliza linarudi baada ya sekunde chache, na mtu aliyekufa anasimama tena. Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV hapa kwetu, na wachimbaji karibu 40 walikufa. Wengi wetu tunajua jina la mmoja wao. Mtoto anayecheza kuchimba anajua tofauti hiyo vizuri kuliko tunavyofikiri, na ukikaa naye ukamuuliza, atakuambia.

Sasa habari ya waongo, maana nao wamejaa. Yuko anayesimama mbele ya banki anaita: "Nipe makuta yako, nitakurudishia mara mbili!" Mara ya kwanza anarudisha kweli, kidogo. Mara ya pili unampa yote, naye anapotea. Yuko anayejifanya fundi wa kupamba silaha zako kwa rangi ya dhahabu, bure kabisa. Fundi wa namna hiyo hayuko, na silaha hairudi. Yuko rafiki mpya anayekuambia, "Yaya, nifuate, nitakuonyesha hazina," anakupeleka mpaka ndani ya pori ambako wenzake wanangoja. Dawa ni rahisi: dirisha la kubadilishana mali linafunguka mara mbili, na mara ya pili ndipo unasoma polepole, kitu kwa kitu, kabla ya kukubali. Asiyetaka usome, mwache aende.

Na neno la siri la akaunti ni lako peke yako. Kampuni haikuulizi neno hilo katika mazungumzo ya mchezo, hata siku moja. Vivyo hivyo jina lako la kweli, masomo yako, avenue unayokaa na picha yako: mtu wa mchezoni hana haja navyo. Ninyi wasichana, na ninyi wavulana pia, mtu akianza kuuliza uko na miaka mingapi na kama uko peke yako nyumbani, zima mazungumzo, mwite yaya au mama aone. Hutapigwa kwa kusema. Wazazi, tunaomba neno hilo liwe kweli.

Vijana wengine wanauliza kama mchezo unaweza kuwapa franka. Swali ni la haki, tunajua hali ya nyumba. Katika Venezuela, wakati bolivari ilipokosa thamani katika miaka ya 2017 na baadaye, watu wengi walikaa mchana na usiku wakikusanya dhahabu ya RuneScape na kuiuza kwa dola za kweli, wakanunua chakula. Hatuwahukumu wenye njaa. Lakini sheria ya mchezo inakataza biashara hiyo, akaunti inaweza kufungwa siku yoyote na jasho lote likapotea, na mnunuzi usiyemwona anaweza kuchukua dhahabu asilipe. Wenzako wanaochimba kweli wanajua uchungu wa kuuza ku depo ambako mzani si wako. Huu ni mzani usiouona kabisa.

Wazazi nao wanatuletea swali lao, mara nyingi kwa sauti ya chini: ndani ya mchezo kuna uchawi, kuna mifupa inayozikwa, kuna mtu anaomba mbele ya altare. Je, mtoto hataingiliwa? Ni kweli, moja ya zile kazi 15 ni uchawi wa kurusha moto kwa mawe yenye alama, na nyingine ni sala, ambayo inaongezeka ukizika mifupa ya wanyama. Hizo ni za hadithi, sawa zile za Kalulu ambazo nyanya walitupa usiku kando ya moto. Kalulu alidanganya simba, na hakuna mtoto aliyegeuka sungura. Baba asiyependa awe huru kukataa nyumbani kwake. Lakini asiseme mtoto ni mchawi kwa sababu ya mchezo, wala kwa sababu amekaa macho usiku. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemtupia mtoto neno hilo, na barabarani kwetu tumeona watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo tu.

Hatari ya kweli kwa maoni yetu ni saa. Ngazi ya juu ya kila kazi ni 99. Mchezaji anafika ngazi ya 92, anafurahi kwamba amemaliza. Kumbe amefika nusu ya njia. Ngazi ya 99 inaomba elimu 13,034,431, na ya 92 ni nusu yake. Kijana wa mwaka wa sita anayengoja egzamen ya Leta asianze kukimbilia 99 mwezi wa tano. Mupange pamoja nyumbani: saa moja baada ya kazi za nyumba, siku ya mapumziko mbili. Mchezo unamngojea, kila kitu chake kitabaki banki.

Upande wa mega, mchezo haukuli kama video. Kuupakua mara ya kwanza ndiyo kazi nzito. Tafuta pahali penye wifi. Batri ndiyo inayochoka, na ndani ya batri ile huenda kuna kobalti ya Kolwezi, iliyotoka hapa mfukoni mwa mtu na kurudi kama telefone kwa bei nyingine. Batri ikiwa nyekundu, au umeme ukianza kucheza-cheza, usianze vita: mtandao ukikatika, mtu wako anaweza kubaki amesimama kwa muda anapigwa, wewe huoni.

Ukiisha kuzoea Lumbridge, njia ya kaskazini inakupeleka Varrock, mji mkubwa wenye soko ambalo wachezaji wote wanauziana, Musompo yao. Kabla ya kufika, kusini ya mji, kuna duara la mawe makubwa karibu na njia. Hapo wanasimama wachawi wenye nguo nyeusi, nao wanashambulia wageni wadogo bila kuulizwa. Zunguka mbali, beba samaki watano, na piki usiisahau: upande wa mashariki wa duara hilo kuna mgodi wa shaba, bati na chuma.